Bunduki Hii Ilizaliwa Lini?

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Birmingham, Jumamosi jioni baada ya chakula. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila vikohozi na marudio nimeviondoa.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na jamaa, asalaamu aleikum. Na watoto wa pale nyuma, hamjambo.

Mwenyekiti alipoambiwa mada yangu alinipigia simu usiku. "Bunduki? Ukumbini? Na watoto wamo?" Nikamtuliza. Sikuja na bunduki. Nimekuja na picha tatu, mswaki mkuukuu, kipande cha chaki, na karatasi iliyopakwa penseli. Hivyo ndivyo vifaa vya kazi yangu.

Kazi yenyewe, kwa wasioijua, ni kuandaa orodha za mnada. Bunduki za kale za Kiingereza, zile za kuwindia ndege zenye mitutu miwili, zinaletwa na warithi. Babu kafariki, sanduku la ngozi limekutwa darini, ndani mna bunduki imelala kwenye kitambaa chekundu, na wajukuu wanataka kujua mambo mawili: ni ya lini, na ni pauni ngapi. La pili huwa nalikwepa mpaka siku ya mnada. La kwanza ndilo lililonisimamisha mbele yenu.

Mtu akiigeuza bunduki ya namna hiyo, ataona nambari kwenye mkia wa kile chuma kinachokinga kifyatulio. Roho inamtulia. Nambari ipo, basi mwaka upo. Ananipigia: "Ni elfu kumi na nne mia mbili na kitu. Ya mwaka gani?" Nami namrudishia swali: elfu kumi na nne ya nani? Maana Uingereza haikuwa na daftari moja la nchi nzima. Kila mwenye karakana alikuwa na hesabu yake. Elfu kumi na nne ya Purdey na elfu kumi na nne ya Greener hazijuani hata kwa salamu.

Na tuelewane jambo moja mapema. Fundi hakupiga nambari ile ili mimi na wewe tujue mwaka. Aliipiga kwa ajili ya karani wake, na kwa ajili ya mafundi wenyewe. Bunduki moja ilipita mikono mingi: anayetengeneza mitutu, anayechonga mtambo kwa tupa, anayechonga tako la mti wa jozi, mchora nakshi, msuguaji. Vipande vilitawanyika mtaani kwa wiki kadhaa. Bila nambari kwenye kila kipande, vingerudi vya mwenyewe na vya jirani vimechanganyika. Kwa hiyo nambari ni kama ile ya jalada lako la hospitali. Inamwambia karani avute jalada lipi kwenye rafu. Unaumwa nini, tangu lini, hayo yamo ndani ya jalada.

Jalada la bunduki ni leja. Daftari kubwa, zito, limeandikwa kwa wino na mkono wa karani mwenye mwandiko wa kuringa. Ukibahatika kufunguliwa ukurasa, unakuta nambari, jina la mteja, urefu wa mitutu, uzito, kipimo cha kasiba, yaani tundu la mtutu, namna tako lilivyopindwa ili limfae bega lake, bei, na tarehe. James Purdey alifungua duka lake London mwaka 1814, na leja za nyumba hiyo zipo. Westley Richards, waliozaliwa hapa hapa Birmingham mwaka 1812, wanazo. Holland & Holland wanazo; hao ni wa Harris Holland, mwuza tumbaku aliyeingia kwenye bunduki mwaka 1835, na jina hilo la mara mbili likaja 1876 pamoja na mpwa wake. Boss, mafundi wa London, wanazo. Leja za Stephen Grant, Joseph Lang na Henry Atkin, waliokuwa washindani wa kunyang'anyana wateja, leo zinalala chini ya paa moja, maana biashara zao ziliunganishwa. Ukiwaandikia, ukalipa ada yao, unapata barua. Barua hiyo ndiyo tarehe. Mengine yote nitakayoyasema jioni hii ni ya mtu ambaye barua haijamfikia, au ambaye fundi wake hakuacha leja.

Hata ndani ya leja, tarehe ni ipi? Hapa wengi wanateleza. Bunduki nzuri haikununuliwa kama viatu. Unaagiza, unapimwa, unasubiri miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Nambari ilitolewa siku ya kuagiza au siku kazi ilipoanza. Bunduki ikakabidhiwa baadaye, na wateja wote walitaka iwe mkononi kabla ya tarehe 12 Agosti, msimu wa kuwinda ndege wa milimani unapofunguliwa huku. Kwale ni tarehe 1 Septemba, na wale ndege wenye mikia mirefu wanaoitwa fezanti ni tarehe 1 Oktoba. Basi bunduki iliyoandikwa Novemba ya mwaka huu inaweza kutoka dukani Julai ya mwaka ujao. Warithi wawili wakibishana kama ni ya 1889 au ya 1890, huenda wote wawili wana haki.

Kuna na zile zilizotengenezwa zikakaa dukani kungoja mnunuzi. Hizo zina nambari ya mwaka mmoja na mteja wa mwaka mwingine kabisa.

Sasa yule asiye na leja anakimbilia jedwali. Majedwali yapo, yamepangwa na watu wenye subira kuliko mimi: mwaka fulani, nambari ya kwanza ni hii. Nayatumia kila siku na nayaheshimu. Lakini mtazame jinsi watu wanavyoyatumia. Tuseme jedwali la fundi fulani linasema alifika 20,000 mwaka 1910 na 21,000 mwaka 1920. Wewe una 20,500. Unagawanya katikati, unasema 1915. Hesabu imenyooka, jibu limepinda. Toka Agosti 1914 hadi Novemba 1918 vijana waliokuwa wakitengeneza bunduki za anasa walikuwa vitani au viwandani wakitengeneza silaha za vita, na wateja wao walikuwa kwenye mahandaki. Hesabu ilitambaa kwa miaka minne kama kobe, ikaamka tena baada ya amani. Ile 20,500 yaweza kuwa ya 1913 au ya 1919, lakini 1915 ndio mwaka wa mwisho ningeutaja.

Na wapo waliokataa kuanza na 1. Fundi amefungua duka jipya, hajauza kitu, na mteja wa kwanza ni bwana mkubwa. Nani anataka bunduki nambari 1 ya mtu asiyejulikana? Akaanzia juu, maelfu kadhaa, aonekane mkongwe. Sisi wa pwani tunawajua wafanyabiashara wa namna hiyo, tusijifanye kushangaa.

Basi nambari peke yake imetuacha njiani. Tunafanyaje? Tunaifungua bunduki. Picha ya kwanza, tafadhali.

Hapa mitutu imetolewa na kugeuzwa juu chini. Kuitoa ni kazi ya nusu dakika: unahakikisha haina kitu ndani, unaondoa ule ubao wa mbele unaoshikwa na mkono wa kushoto, unasukuma kikono cha juu, mitutu inashuka mkononi mwako. Chini yake, karibu na mahali katriji inapoingia, pana sehemu mbili bapa, kila moja ina ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Dunia nzima ya bunduki hii imo hapo. Nambari imerudiwa, na kandokando yake kuna chapa ndogo, nyingine haizidi punje ya mchele.

Kwanza mswaki, kwa sababu mafuta ya miaka mia yamekauka humo kama masizi ya sufuria. Halafu chaki: unaisugua juu ya chuma, unafuta kwa kidole, na ule unga mweupe unabaki ndani ya mashimo ya chapa tu. Ghafla maandishi yanasimama. Mwisho karatasi na penseli, unapaka kama watoto wanavyopaka juu ya sarafu. Hii hapa niliyoshika ndiyo hiyo. Pitisheni, lakini msiikunje. Ninawaomba mtazame ile tarakimu ya tatu. Mimi nilisema ni 3. Mwenzangu ofisini akasema ni 8. Tulibishana mpaka tukaiwekea taa ya pembeni, na kumbe ni 8 ambayo upande wake wa kushoto umesuguliwa na vizazi vitatu vya watu wenye bidii ya usafi. Tofauti ya 3 na 8 mahali pale ilikuwa miaka kadhaa.

Sasa zile chapa. Umbali mfupi kutoka hapa, mtaa wa Banbury, Digbeth, kando ya mfereji, liko jumba lililoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Wengine wenu mnapita hapo kwenda mjini na hamjui. Ni jumba la kupimia bunduki, na mpaka leo linafanya kazi. London nao wana lao, chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1637. Sheria inasema hakuna bunduki inayouzwa nchini mpaka ipimwe. Inafungwa mahali, inapakiwa baruti kupita kiasi cha kawaida, inafyatuliwa watu wakiwa wamejificha. Ikipasuka, afadhali ipasukie pale kuliko kwenye shavu la mtu. Ikipona, inapigwa chapa.

Na chapa hizo zilibadilishwa kila kanuni zilipobadilishwa. Hapo ndipo utamu ulipo. Nambari ya fundi yaweza kudanganya kwa sababu fundi alikuwa mfanyabiashara. Jumba la kupimia halikuwa na sababu ya kudanganya.

Chukueni bunduki ya Birmingham. Ukiona fimbo mbili za kifalme zimepishana, taji juu, na herufi BPC, imepimwa kabla ya 1904. Baada ya hapo zinakuja BP na BV chini ya taji. Sasa ongezeni kitu cha pili. Mnamo miaka ya 1870 mafundi walianza kubana mdomo wa mtutu kidogo ili marisau, zile punje ndogo za risasi, yasitawanyike mapema. Ukitia risasi moja ya duara ndani ya mtutu kama huo, unajitafutia balaa. Kwa hiyo kuanzia 1875 mitutu ya namna hiyo ilipigwa maneno "NOT FOR BALL", yaani usitie risasi ya duara. Mwaka 1887 kanuni mpya zikaja na maneno yale yakaondolewa. Basi ukikuta BPC na "NOT FOR BALL" pamoja, na hakuna dalili ya kupimwa upya, umeshaibana bunduki ndani ya miaka kumi na miwili, 1875 hadi 1887, kabla hujafungua jedwali lolote. Sasa ndipo uiulize nambari. Ikikwambia 1882, mnaelewana. Ikikwambia 1895, mmoja wenu amekosea, na mara nyingi ni wewe.

Kutoka 1887 utaona umbo la almasi lenye 12 na herufi C ndani. Hiyo 12 imenisumbua kuliko kitu chochote. Watu hunipigia: "Nambari yake ni 12." Hapana, baba. 12 ni kipimo cha kasiba. Risasi za duara 12 zinazoenea kasiba hiyo zina uzito wa ratili moja, basi. Bunduki zote za kipimo hicho zinayo, kama viatu vyenu vyote vya saizi arobaini na mbili. Na mama mmoja alinihakikishia kwamba ya marehemu mumewe ni nambari 2, imeandikwa kwa dhahabu juu ya mtutu. Nikamwuliza polepole kama nyumbani kuna nyingine inayofanana nayo. Zilitengenezwa jozi, 1 na 2, kwa bwana aliyekuwa na mtu wa kumpakilia moja huku yeye anafyatua nyingine. Nambari 1 shemeji yake aliichukua siku ya msiba. Hayo mengine ni ya familia.

Kuanzia 1896 kuna chapa za kupimwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Kanuni za 1925 zikaleta urefu wa mahali katriji inapokaa. Za 1954 zikaleta tani: ukiona "3 TONS", bunduki hiyo imepita jumba la kupimia baada ya 1954. Angalieni, nimesema imepita. Sikusema imezaliwa. Bunduki ya 1880 ikirekebishwa mitutu yake inarudi kupimwa, inapata chapa mpya juu ya za zamani. Chapa changa inakwambia lini ilikwenda hospitali, chapa kongwe inakwambia lini iliandikishwa. Zisome zote, kisha uamini ile ya zamani zaidi.

Na nyingine zimepasuliwa kabisa: mitutu imechakaa, fundi anaikata, anaacha kile kichwa cha nyuma chenye ndoano, anachomeka mirija mipya. Jumba la kupimia linalazimisha pigo la "SLEEVED". Nambari bado ni ya 1890, chapa za kichwani za 1890, na chuma kinachobeba moto ni cha juzi. Muuzaji mwaminifu atakuonyesha neno hilo. Asiye mwaminifu ataweka kidole gumba juu yake wakati anakuonyesha nakshi.

Anwani nayo inasema. Juu ya mtutu, kati ya mirija miwili, fundi alichora jina na mtaa wake. Mafundi walihama, na kuhama kuna tarehe. Boss walikuwa St James's Street nambari 73 mpaka mwaka 1908, wakahamia Dover Street. Hadithi ninayoipenda ni ya Purdey. Walikaa Oxford Street, nambari 314½, ndiyo, na nusu, kwa zaidi ya miaka hamsini. Mnamo 1881 mtaa ukapewa nambari mpya, duka lile lile likawa 289½. Baada ya muda mfupi tu wakahamia South Audley Street, waliko mpaka leo. Kwa hiyo bunduki iliyochorwa "289½ Oxford Street" imejitaja umri wake yenyewe kwa sababu ya baraza la mji lililoamua kupanga upya milango.

Lakini anwani ya London isikuhadae kuhusu mahali ilikotengenezwa. Ukisoma London juu ya mtutu na ukikuta chapa za Birmingham chini yake, umemfumania mtu. Wenye maduka wengi wa London, na wa miji midogo nchi nzima, waliagiza bunduki kwetu hapa, kwa W. & C. Scott na wengineo, wakachora majina yao. Scott wakaungana na Webley mwaka 1897 na mtindo ukaendelea. Bunduki kama hizo mara nyingine zina nambari mbili: ya mwenye duka iko mahali pa kuonekana, ya mtengenezaji imejificha ndani. Ukimwandikia mwenye duka kwa nambari ya mtengenezaji, utajibiwa kwamba hawajawahi kuiona. Nayo itakuwa kweli.

Sasa niwaambie nilivyoaibika. Nilikuwa mgeni kazini, nina jedwali, nina bashasha. Ikaja bunduki ya fundi wa mji mdogo, na kwenye chuma cha mtambo, mahali pa wazi kabisa, nambari ya tarakimu nne imepigwa vizuri. Nikaitafuta, nikaandika mwaka, orodha ikachapishwa. Asubuhi ya mnada akaja mzee mmoja mwenye koti la mvua, akaishika, akaifungua, akaniita kwa kidole. Akanionyesha maneno madogo mbele ya ile nambari: ilikuwa nambari ya matumizi ya hataza. Mwenye uvumbuzi alikuwa akitoza ada kwa kila bunduki iliyotumia kifaa chake, na kila moja ikapigwa nambari ya ada hiyo, ijulikane nani amelipa. Mimi nilikuwa nimeitolea umri bunduki kwa stakabadhi. Nambari yake yenyewe ilikuwa chini ya ule ubao wa mbele, ambao sikuutoa kwa kuogopa kuukwaruza.

Tangu siku ile hataza zimekuwa rafiki zangu. Henry Jones wa hapa Birmingham alisajili ile komeo ya kuzungusha chini mwaka 1859. Komeo mbili za Purdey ni 1863. Mwaka 1875 William Anson na John Deeley, wakifanya kazi kwa Westley Richards, walisajili mtambo uliozificha nyundo ndani ya kisanduku, ukifungua bunduki zinajikoki zenyewe. Bunduki nyingi zenye mitutu miwili duniani leo ni wajukuu wa mtambo ule. Beesley akafuata 1880 na mtambo alioununua Purdey. Hakuna bunduki inayobeba uvumbuzi ambao haujavumbuliwa. Ukiambiwa ni ya 1870 na ndani mna mtambo wa Anson na Deeley, shukuru kwa chai yao uondoke. Na hataza zama zile zilidumu miaka kumi na minne. Ile ya 1875 ilipokwisha 1889, karakana zote zikaiga bila kulipa, na nambari za ada zikatoweka kwenye chuma. Hata kutokuwepo kwake ni dalili.

Mtaniuliza, sisi tunaingia wapi hapo? Kidogo tu, nisiwapambe. Bunduki zenye leja zilifika kwetu mikononi mwa wageni. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliteremka Mombasa Aprili 1909, na mzigoni mwake mlikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyozawadiwa na rafiki zake wa Kiingereza. Bell, yule mwinda tembo aliyezunguka Karamoja, aliua zaidi ya tembo elfu moja, wengi wao kwa bunduki nyepesi ya kipimo walichokiuza Rigby kwa jina la .275. Hao majina yao yamo vitabuni. Wale waliozibeba begani juani, majina yao hutayakuta kwenye leja.

Bunduki zilizowafikia babu zetu zilikuwa nyingine, gobori za kushindilia kwa mdomo, nyingi zina neno "TOWER" na taji ubavuni, zimetengenezwa kwa ajili ya biashara ya Afrika, na mtaa wetu huu wa mafundi ulizitoa kwa wingi tangu karne ya kumi na nane, ilipokuwa bidhaa ya kununulia watu huko Afrika Magharibi. Mwaka 1890 mkutano wa Brussels ukabana uingizaji wa silaha, hasa bunduki za kisasa, sehemu kubwa ya bara letu. Gobori zile hazikuwa na nambari. Hakuna karani aliyejali ni ya nani.

Mwaka unahusu fedha na sheria pia. Marekani, bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla yake ni ya kale kwa sheria yao ya taifa. Ya 1899 si ya kale. Ndiyo maana wanunuzi wa kule wanaulizia barua ya leja kama watu wanaoulizia cheti cha ndoa. Hapa Uingereza kanuni za 2021 zinataka iwe imetengenezwa kabla ya tarehe 1 Septemba 1939 ili ihesabiwe ya kale, lakini umri peke yake hautoshi, kuna na orodha ya katriji zilizokufa, zisizotumika tena. Bunduki ya kipimo cha 12 inayotumia katriji zinazouzwa leo inataka cheti cha polisi, hata ingekuwa ilitengenezwa Malkia Victoria akiwa bado kitini. Huko nyumbani sheria ni nyingine kabisa, msije mkasema mmesikia kwangu.

Nimechoka kusema, na biriani imewachosha kusikiliza. Maswali.

Kijana mmoja aliuliza kama simu haiwezi kupiga picha ya chapa na kutoa mwaka. Nikamwambia ajaribu, kisha aje nimwonyeshe ile 3 iliyokuwa 8.

Mama mmoja aliuliza kwa nini nambari za mitutu na za tako wakati mwingine hazifanani. Hilo ni swali zuri kuliko nusu ya hotuba yangu. Jibu fupi: bunduki imeoa tena. Mitutu ya awali ilipasuka au iliuzwa, ikaletwa mingine ya jirani. Ukikuta hivyo, umri wa chuma cha mtambo ni mmoja na wa mitutu ni mwingine, na ni wajibu wako kuandika yote mawili kwenye orodha. Ila ikiwa mitutu ya ziada iliagizwa kwa fundi yule yule, itapigwa nambari ile ile ya bunduki, na leja itaitaja.

Mzee wa Lamu, aliyekuwa amesinzia tangu nilipotaja hataza, alifungua macho akauliza: "Na ukiikuta nambari imekwanguliwa kwa tupa?"

Nikamwambia, Mzee wangu, hapo weka chini polepole, usiiguse tena, toka nje upige simu polisi. Hiyo si kazi yangu.